Mtoto Anapolia, Nani Anamjibu?

Hotuba kuhusu malezi ya miaka ya mwanzo na afya ya akili, iliyoandaliwa kwa wazazi, walezi, walimu wa chekechea na wahudumu wa afya ya jamii



Afya ya akili inapotajwa katika mikutano ya hadhara, mazungumzo huelekea haraka kwa kijana aliyezama katika pombe na dawa za kulevya, kwa mwanamume aliyejitoa uhai akiwa na madeni, au kwa mgonjwa aliyelazwa wadini. Hayo ni mambo mazito na yanastahili kuzungumzwa. Lakini ni nadra mkutano kurudi nyuma miaka ishirini au thelathini na kuuliza swali dogo kuhusu mtu huyo huyo: alipokuwa na miezi minane akalia usiku, nani alikuja? Je, alikuwa yule yule aliyekuja jana yake? Na alipofika, alimtuliza au alimkaripia?

Swali hilo si la kuwalaumu akina mama. Lina majibu yaliyopatikana kwa uchunguzi wa miaka mingi, na baadhi ya majibu ya kwanza yalipatikana hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala pamoja na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Hakuwa na maabara. Alichukua mkalimani wake, Katie Kibuka, akawa anazuru vijiji vilivyo karibu na mji na kuzitembelea familia 26 za Waganda zilizokuwa na watoto wachanga 28. Kwa muda wa miezi tisa hivi alirudi katika kila nyumba karibu kila baada ya wiki mbili, akaketi sebuleni kama mgeni mwingine yeyote, akatazama na kuuliza. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza desturi ya kumpeleka mtoto kwa jamaa anapoachishwa ziwa. Alikuta desturi hiyo imeshaanza kufifia, akaliacha swali lake na kuyaandika aliyoyaona mbele ya macho yake.

Aliona jambo ambalo kila bibi analijua ila hakuna aliyekuwa amelipima. Mtoto anayetambaa humwacha mama yake, akaenda kuchunguza kitu upande wa pili wa chumba, kisha akageuka kumtazama. Akimwona yupo, huendelea. Akishtuka, hurudi mbio, akashika goti la mama, akatulia, halafu akaenda tena. Mama ni kama kambi ambayo msafiri huondokea na kurejea. Mtoto asiye na hakika na kambi yake hafiki mbali. Hulia sana na kung'ang'ania, hata akiwa amebebwa.

Katika watoto wale 28, Ainsworth aliwaona 16 wakiwa na mfungamano wa usalama na mama zao, 7 wakiwa na mfungamano wenye mashaka, na 5 ambao bado hawakuwa wameonyesha mfungamano ulio wazi. Mama wa wale waliotulia walikuwa karibu na watoto wao kwa muda mwingi zaidi, na walipoulizwa, waliweza kumweleza mgeni habari za mtoto kwa undani: anapenda nini, humwogopa nani, kilio hiki ni cha njaa na kile ni cha usingizi. Walikuwa wakimsoma mtoto. Kinyume na walivyodhani wataalamu wengi wa Ulaya wakati ule, kuwepo kwa bibi, shangazi au dada waliosaidia kulea hakukuonekana kumharibia mtoto mfungamano wake na mama. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilichapishwa mwaka 1967, na kipimo alichokibuni baadaye kule Marekani kikaenea duniani. Watu wengi wanaokitumia hawajui kwamba mzizi wake uko katika vijiji vya Buganda.

Miaka ya 1970 watafiti walioongozwa na Robert LeVine walikaa Kisii kuchunguza malezi ya Wagusii. Huko mtoto mchanga alikuwa na mama, na pia alikuwa na omoreri, yaani ndugu mkubwa, mara nyingi msichana, aliyembeba mchana mama akiwa shambani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulipima watoto 26 kutoka eneo hilo. Watoto sita hivi kati ya kila kumi walikuwa na mfungamano wa usalama na mama, na zaidi ya nusu walikuwa nao pia kwa yule mlezi mdogo. Katika kipimo cha kawaida, mtafiti huangalia kama mtoto humkimbilia mama akumbatiwe anaporudi chumbani. Watoto wa Kisii walizoea kusalimiwa kwa mkono. Kwa hiyo mtoto aliyetulia alinyoosha mkono wake mdogo kumpokea mama, na yule mwenye mashaka alitoa mkono huku akitazama pembeni. Mapenzi yalikuwa yale yale, ila salamu ndiyo iliyotofautiana.

Hapa pana tahadhari. Habari ya omoreri isichukuliwe kuwa ruhusa ya kumwachisha msichana wa miaka tisa masomo ili abebe mtoto. Siku hizi nafasi yake ni darasani, na kaunti haina nia ya kuigeuza historia hiyo kuwa ushauri. Funzo lililomo ni kwamba mtoto anaweza kufungamana na zaidi ya mtu mmoja, mradi watu hao ni wachache, anawajua, na wanamjibu. Wahenga walikwisha sema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Ila mikono inayobadilika kila wiki, kila mmoja ukiwa mgeni, hiyo nayo hailei.

Kwa nini jambo la miezi ya kwanza lifuate mtu hadi uzeeni? Katika miaka ya mwanzo ubongo huunda miunganisho mipya zaidi ya milioni 1 kila sekunde, na ile inayotumika mara kwa mara ndiyo inayobaki. Mtoto anaposhtuka, mwili wake humwaga kemikali za hofu. Moyo huenda mbio, misuli hukaza. Mtoto mchanga hawezi kujizimia moto huo peke yake. Huzimwa na mtu anayembeba, kumwimbia na kumsemesha. Hilo likitokea mara mia, mwili hujifunza kwamba hofu huja na kupita. Baada ya mara elfu, mtoto huanza kujituliza mwenyewe, na kutoka hapo atajifunza kusubiri, kuvumilia kushindwa katika mchezo, kumwambia mwalimu kwamba ameonewa. Mtoto ambaye moto wake hauzimwi na mtu hukua mwili ukiwa macho muda wote, kama askari wa zamu asiyepokezwa. Akifika darasani huonekana mkorofi au mzito wa kuelewa.

Mzazi anayesikiliza haya asiingiwe na hofu kwamba kila kilio alichokosa kukijibu kimeacha jeraha. Edward Tronick, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mama akikaza uso kwa dakika chache tu bila kumjibu mtoto, mtoto hutabasamu, hunyoosha kidole, hupiga kelele, na mwisho hugeuza uso na kukata tamaa. Lakini Tronick huyo huyo aligundua kwamba hata katika nyumba zenye upendo, mama na mtoto huelewana sawasawa katika theluthi moja hivi tu ya muda. Muda mwingine hukosana, wakarudiana. Kule kurudiana ndiko kunakomfundisha mtoto. (Uso uliokaza huonekana sana siku hizi, na mara nyingi huwa umeinamia simu. Hilo kila mtu anaweza kujipima nalo akiwa kwake.)

Nchini Romania, utawala wa Ceauşescu ulipoanguka Desemba 1989, ilibainika kwamba zaidi ya watoto 100,000 walikuwa wakiishi katika makao ya serikali. Wengi walikuwa na wazazi. Walipelekwa huko kwa sababu ya ufukwara na sera za utawala. Walilishwa na kuvishwa, walezi walibadilishana zamu, na hakuna mtoto aliyekuwa na mtu wake. Kuanzia mwaka 2000 watafiti walifuatilia watoto 136 wa makao ya Bucharest, wote wakiwa chini ya miaka mitatu. Nusu yao walichaguliwa kwa kura kupelekwa kwa familia za malezi, na nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida wa nchi. Walipofikisha miaka minne na nusu, matatizo ya wasiwasi na huzuni kwa waliopata familia yalikuwa karibu nusu ya yale ya waliobaki. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliopona vizuri zaidi, hata mawimbi ya umeme ya ubongo wao yakaja kufanana na ya watoto ambao hawakuwahi kukaa katika makao. Na ndani ya kundi hilo, waliokaa katika familia ile ile bila kuhamishwa waliendelea vyema kuliko waliohamishwahamishwa.

Habari hiyo ya mbali inaigusa Kenya moja kwa moja. Hapa pia, wengi wa watoto wanaoishi katika makao ya watoto wana mzazi au jamaa aliye hai, na kilichowapeleka huko mara nyingi ni umaskini: karo, njaa, mama aliyefariki na baba asiyejua aanzie wapi. Ndiyo maana mwaka 2017 serikali ya kitaifa ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatambua malezi ya jamaa, familia za malezi, na kafala kwa familia za Kiislamu. Mtu mwema anayetaka kujenga makao ya yatima kijijini kwake ana nia njema, lakini pesa hizo zikimfikia bibi anayewalea wajukuu watatu, zikalipa chakula, sare na paa la nyumba, zitawafanyia watoto hao kazi kubwa zaidi. Hukumu hii inaweza kuwaudhi wafadhili. Ushahidi uko upande wake.

Vivyo hivyo kuhusu bweni la mtoto wa miaka sita. Wazazi hulichagua kwa sababu za kweli, kama vile kazi ya mbali, barabara mbovu au kutafuta alama nzuri. Penye njia nyingine, mtoto wa umri huo alale nyumbani.

Wapo wanaosikia haya na kusema moyoni: basi mimi nimeshachelewa. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maelfu ya watu wazima wa California. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso utotoni, kama kupigwa, kunajisiwa, au kumwona mama akipigwa, walikuwa katika hatari kubwa mara nne hadi kumi na mbili ya kuzama katika ulevi, dawa za kulevya, huzuni na kujaribu kujiua. Takwimu hizo ni nzito na hazifichiki. Lakini hatari si hukumu ya mahakama. Kisiwani Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Theluthi moja hivi ya wale waliokulia katika dhiki kubwa walikuwa watu wazima imara, wenye kazi na familia. Walichofanana ni kwamba kila mmoja alikuwa amempata angalau mtu mmoja wa kumtegemea. Hakuwa lazima mzazi. Kwa baadhi alikuwa bibi, au mwalimu, au jirani.

Mwalimu wa chekechea anayemwita mtoto kwa jina lake kila asubuhi huenda ndiye mtu huyo. Vivyo hivyo mjomba anayekuja Jumamosi bila kukosa. Msemo wa samaki mkunje angali mbichi hutumiwa mara nyingi kutetea kiboko. Mtoto anayemwogopa mlezi wake hukunjwa pia, lakini kuelekea upande mwingine: hujifunza kuficha.

Hata ukubwani uhusiano hutibu. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, akiwa na nyanya 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea. Waliwekewa mabenchi nje ya zahanati, wakafundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja na kulitafutia njia. Wagonjwa walikuja wakisema wana kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, ambalo kila Mkenya analielewa bila kufafanuliwa. Uchunguzi wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, dalili za sonona zilikuwa zimebaki kwa asilimia 14 ya waliokaa na nyanya hao, na kwa asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke. Kwa hiyo chama cha akina mama, kikundi cha kanisa au cha msikiti, na timu ya mpira ya wadi vinafanya kazi ya afya hata kama havina kibandiko cha afya.

Sehemu iliyosalia ni ya mlezi mwenyewe, nayo ndiyo husahaulika. Mama aliyejifungua wiki sita zilizopita, asiyelala, anayelia bila sababu, anayemtazama mtoto bila kuhisi chochote, hawezi kumjibu mtoto kwa kuamriwa. Huo ni ugonjwa unaotibika. Si uvivu, si laana, wala si ukosefu wa shukrani. Kila mtoto huletwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mizani hupima mtoto. Mara hizo tatu zinatosha pia kumuuliza mama analalaje, anakula, na nani anamsaidia, kisha kusubiri jibu. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumbani wanaweza kuuliza vivyo hivyo, na wamuulize baba pia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba wiki mbili za likizo yenye malipo mtoto anapozaliwa. Wengi hawazichukui, au huzimalizia nje ya nyumba.

Kisha kuna mama asiye na likizo yoyote. Mama mboga hurudi sokoni mtoto akiwa na wiki chache, na kadhalika mchuma majani chai na mfanyakazi wa vibarua. Humwacha mtoto kwa jirani au katika kituo cha malezi ya mchana, ambapo mwanamke mmoja hukaa na watoto wengi katika chumba kimoja. Mwanamke huyo hastahili lawama; anafanya kazi ya watu watano. Mzazi anayetafuta kituo aulize mambo machache kabla ya kuuliza bei: mlezi mmoja ana wachanga wangapi? Amekuwa hapo kwa muda gani? Je, mtoto atakuwa na mlezi wake yule yule kila siku? Na jioni, je, mlezi anaweza kusimulia mtoto alivyoshinda? Atakayejibu swali la mwisho kwa undani anafanana na wale akina mama wa Buganda.

Jambo hili si la mzazi peke yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaitaja elimu ya chekechea kuwa kazi ya serikali ya kaunti, na katika kifungu hicho hicho linataja vituo vya kutunzia watoto. Chekechea zimejengwa na walimu kuajiriwa karibu kila kaunti. Vituo vya wachanga vimebaki nyuma, na soko jipya hujengwa likiwa na vibanda, choo na taa, bila chumba ambamo mama anaweza kunyonyesha au kumwacha mtoto karibu. Mkazi anayetaka chumba hicho ana pa kusemea. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kila hatua ina vikao vya ushirikishaji wa umma. Ombi linaloandikwa na kutiwa saini na wafanyabiashara wa soko zima, likitaja soko, idadi ya watoto na kiwanja kilichopo, huwa gumu kuachwa kando kuliko malalamiko ya mtu mmoja.

Mtoto anayeteswa au kutelekezwa aripotiwe kwa chifu, kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au kwa kupiga simu 116, ambayo haina malipo. Mtu mzima anayelemewa na mawazo anaweza kupiga 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nayo pia bila malipo, au kufika katika kituo cha afya kilicho karibu na kumweleza mhudumu. Anayemsindikiza aingie naye ndani akikubaliwa, na asiondoke kabla tarehe ya kurudi haijaandikwa.